Ya Mwingereza, ya Mchina, ya Kwetu

Chini ya miarobaini iliyokuwa pembeni mwa soko la Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya themanini, baiskeli hazikuegeshwa ovyo. Shina kubwa, lile lenye kivuli kisichohama mpaka alasiri, lilikuwa la Raleigh. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo wala sikuwahi kumsikia mtu akiitamka. Mwenye Phoenix alifuata, hatua mbili tatu kutoka hapo, stendi chini, usukani umegeuzwa kidogo ili nembo ionekane. Baada yake zilikuja Hero na Avon za Uhindi, zimeegemezana. Na kule mwisho, juani, karibu na wauza mkaa, zilisimama Swala, zilizoundwa Dar es Salaam na Kampuni ya Taifa ya Baiskeli, NABICO. Mkulima akifika na Swala yake alfajiri, kabla ya mtu yeyote, kivuli chote kikiwa kitupu, bado aliisukuma mpaka kule ambako jua lingemkuta. Hilo lilinishangaza nikiwa mtoto, na linaniuma mpaka leo.

Ile ni nchi ya baiskeli. Usukuma wa Shinyanga ni tambarare, vilima vyake vya mawe vimetapakaa mbalimbali, na kati yake njia nyembamba za miguu zinakwenda kila upande. Reli ya Tabora kwenda Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ilipita mjini, na magari ya mgodi wa almasi wa Mwadui yalipita barabara kuu na kututimulia vumbi. Mengine yote yalikwenda kwa baiskeli: pamba kwenda mizani, maziwa kuja mjini, mbuzi kwenda mnadani, mbao za kitanda cha bibi harusi, mgonjwa kwenda hospitali, habari ya msiba kwenda kwa wajomba. Ng'ombe walikuwa mali kubwa kuliko baiskeli, lakini ng'ombe walibaki nyumbani. Baiskeli ilitoka na mwenyewe, na kila aliyekutana naye njiani alimpima nayo.

Kupima kulianza kwa masikio. Raleigh ya gia tatu, yenye mtambo wa Sturmey-Archer ndani ya kikombe cha gurudumu la nyuma, hulia tiki-tiki-tiki hata mtu akiwa anapiga pedeli. Wenye Raleigh wa mji wetu waliipenda sauti hiyo kiasi kwamba wakikaribia sokoni waliacha kupiga pedeli ili mlio uzidi na watu wageuke. Halafu macho yakafuata. Nembo ya kichwa cha korongo mbele ya fremu ilisuguliwa kwa majivu laini mpaka manyoya yakaanza kufutika. Siti ya ngozi ya Brooks ilipakwa mafuta na kufunikwa kwa kitambaa kilichofumwa na mke au binti, chenye vishada pembeni. Kava la cheni lilikuwa zima, limefunga pande zote, hata suruali haikuhitaji kibanio. Bomba za fremu zilibaki na karatasi za kiwandani miaka na miaka, na karatasi zilipochakaa mwenyewe alizungusha mkanda wa plastiki, mwekundu na wa njano, ili rangi nyeusi ya Nottingham isikutane na jua wala kucha ya mtoto. Nimewahi kuona baiskeli ikiuzwa baada ya mwenyewe kufariki, warithi wakafungua mkanda ule, na ndani yake rangi iling'aa kana kwamba imetoka bandarini juma lililopita. Yule aliyeilipia hakuwahi kuiona.

Watu walizipanga baiskeli kwa majina ya mataifa. "Ya Mwingereza" ilimaanisha kitu cha kudumu. "Ya Mchina" ilikuwa sifa nusu: bidhaa za China tulizizoea tangu reli ya TAZARA ilipojengwa, kati ya 1970 na 1975, kwa kuwa mauzo yake madukani ndiyo yaliyolipia sehemu ya gharama za ujenzi hapa nchini. Kwa hiyo Phoenix ya Shanghai ilikuwa na heshima yake. "Ya Mhindi" ilisemwa kwa kuinua bega. Na "ya kwetu" ilisemwa kwa kicheko. Tulikuwa taifa lenye Azimio la Arusha, shuleni tuliimba kila asubuhi juu ya kujitegemea, halafu tukitoka nje tunakutana na watu wazima, wengine wao walimu waliotufundisha nyimbo zilezile, wakicheka baiskeli iliyoundwa na mikono ya Watanzania. Sikumbuki kicheko kingine kilichokuwa cha kawaida namna ile na kibaya namna ile.

Aliyekuwa na haki ya kusema chochote kuhusu chuma alikuwa fundi. Kijiwe chake kilikuwa mwarobaini wa tatu: karai la maji, pampu, sanduku la risasi lililojaa gololi na nati, na gogo la kukalia. Mimi nilishika karai. Kazi yangu ilikuwa kuzamisha tyubu kipande kwa kipande na kutazama mapovu yanatoka wapi, kwa sababu mbigili za nchi ile hazitoboi mara moja, zinatoboa mara tano na kuacha ncha ndani ya tairi ingojee. Fundi alipitisha kidole ndani ya tairi polepole, macho kafumba, mpaka ncha imchome. Hapo ndipo aliitoa kwa koleo na kuiweka juu ya gogo ili mwenye baiskeli aione.

Fundi aliipenda Raleigh. Alieleza kwa nini, na sababu zake hazikuwa za kivulini. Aligeuza baiskeli juu chini, akazungusha gurudumu la mbele kwa kidole kimoja, akaliacha, na tukalitazama likizunguka mpaka valvu, iliyo nzito kuliko sehemu nyingine ya ringi, ikalivuta chini na likaanza kuyumba kulia na kushoto kabla ya kutulia. "Unaona? Vikombe vyake vimenyooka," alisema. Lakini alifanya vilevile kwa Swala aliyoifungua mwenyewe, akaosha gololi kwa mafuta ya taa, akapaka grisi mpya na kukaza koni kwa kipimo chake, na gurudumu la Swala nalo likazunguka mpaka valvu ikalivuta. Alisema wengi wanaodharau baiskeli hawajawahi kuifungua. Mwenye Raleigh aliona grisi kila mwaka kwa kuwa aliiogopea baiskeli yake. Mwenye Swala alipakia magunia juu ya gololi kavu kwa kuwa hela ya fundi ilikuwa hela ya chumvi. Halafu watu wakalinganisha baiskeli hizo mbili na kusema wamelinganisha viwanda.

Zote zilikuwa za ukoo mmoja, na hilo nalo alilijua: magurudumu ya inchi 28, spoku 32 mbele na 40 nyuma, breki za vyuma virefu vinavyovuta mpira juu ya ringi. Shanghai na Ludhiana walikuwa wamefuata umbo la Mwingereza. Tofauti moja ilikuwa ya ajabu. Raleigh ilijitengenezea hesi zake yenyewe sehemu fulani, meno 26 kwa inchi pale ambapo viwanda vingine vya Uingereza vilitumia 24, na nati ya ukoo mwingine iliingia mzunguko mmoja ikakwama. Wenye Raleigh walilisimulia hilo kama ushahidi wa utukufu.

Miaka ya 1982 na 1983 ilionyesha upande wa pili wa utukufu huo. Vita vya Kagera vilikuwa vimemalizika mwaka 1979 na hazina ilikuwa tupu. Maduka ya biashara ya mkoa, RTC, yalikuwa na rafu ndefu na bidhaa chache, tairi ilipatikana kwa kibali, na mwaka 1983, kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ilipoanza, hata mwenye tyubu tatu nyumbani aliona heri azifukie. Fundi wetu alishona matairi. Alitoboa kwa msumari, akapitisha uzi wa katani uliopakwa nta, akaweka ndani kipande cha tairi kuukuu kama kiraka, na mshono ukagonga barabara kila mzunguko, duk, duk, duk. Solusheni ilipokwisha kabisa, watu walijaza majani makavu ndani ya tairi na kuendelea na safari. Phoenix na Hero na Swala ziliazimana viungo: pedeli ya hii, ekseli ya ile, kikombe cha nyingine. Raleigh zilisubiri Nottingham. Nakumbuka Raleigh nzuri kuliko zote za mtaa wetu ikiwa imening'inizwa kwa kamba darini, nzima isipokuwa nati moja, na mwenyewe akienda kazini kwa miguu.

Heshima ya shina haikupungua. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kumbe ile heshima haikuwahi kutegemea mwendo.

Baba yangu mdogo alipotaka kuoa, wazee walikaa na kuhesabu ng'ombe, na baada ya ng'ombe likaja swali la nani atakwenda na baiskeli gani. Yeye alikuwa na Hero. Hero ile ilimfikisha kwa binti mwenyewe jioni nyingi na haikuwa na kosa, lakini haingefaa kwa posa. Ikaazimwa Raleigh ya mwalimu mmoja jirani, mtu mpole, mwenye tabia ya kuisindikiza baiskeli yake kwa macho mpaka ikapotelea njiani. Mshenga aliivaa ile Raleigh kama koti. Walipofika, wazee wa upande wa pili walitoka nje kuwapokea, wakasalimiana kwa kirefu, mwadila baba, mwadila, habari za mvua, habari za mifugo. Mzee mwenye nyumba akaitazama baiskeli ikiwekwa chini ya mti, akasikiliza gurudumu likimalizia tiki zake, akauliza kwa utulivu kabisa: "Na mwalimu hajambo?"

Posa haikuvunjika. Ila ng'ombe wawili waliongezeka, na baba mdogo aliamini mpaka uzee wake kwamba walitoka kwenye swali lile. Mimi ninaamini vilevile. Kijana aliyekuja na mali ya kuazima ameshakiri kwamba yake haitoshi, na asiyetosha hulipa zaidi. Angekwenda na Hero yake angekuwa mtu mwenye Hero.

Mvua nazo zilikuwa na hukumu yake. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hushika tairi, hupanda mpaka kwenye madigadi, hujazana kati yao na gurudumu, na baada ya mita chache baiskeli haisogei hata kwa kusukuma. Wakulima walijua: mvua za kwanza zikinyesha Novemba, madigadi yanafunguliwa na kuwekwa juu ya ghala mpaka Mei. Wenye Raleigh hawakuweza kufanya hivyo. Raleigh bila madigadi, walisema, ni kama mzee bila kanzu. Basi ulimkuta mtu wa heshima katikati ya mbuga, viatu mkononi, akichokonoa udongo kwa kijiti, na kijana wa Swala tupu akipita pembeni. Kijana alisimama, akasema shikamoo, akaomba kusaidia. Sikuwahi kuona akipita bila kusimama. Heshima ilikwenda upande mmoja siku zote, na ilikwenda bila kukosa.

Usiku mmoja wa kiangazi jirani yetu alishikwa na uchungu, na mkunga wa mtaa alipomtazama alisema hii si ya hapa, apelekwe hospitali ya Kolandoto. Gari halikuwepo. Mume wake alikuwa mkulima mwenye Swala. Keria ya Swala ile ilikuwa imeongezewa vyuma na mhunzi, vipande viwili vya nondo vilivyoshuka mpaka kwenye ekseli, kwa ajili ya magunia ya pamba. Vyuma hivyo ndivyo watu walivyovichekea zaidi. Wakakunja gunia mara kadhaa, wakaweka kanga juu, wakamkalisha, shemeji yake akamshika mgongo na mume akashika usukani. Hakukuwa na mwezi. Niliwaona wakiondoka, na niliona pia mwalimu wa Raleigh akitoka kwake na shati halijafungwa vifungo, akiikokota baiskeli, akibonyeza dinamo iguse tairi. Mengine yaliyobaki nimeyasikia kwa mume mwenyewe, pale kwa fundi, na hakuwahi kuyasimulia tofauti.

Taa ya dinamo hula mwendo. Ukienda haraka inawaka nyeupe, ukienda polepole inakuwa uzi mwekundu, ukisimama inazimika. Mama mjamzito anasukumwa kwa hatua za mtu anayetembea, tena mtembezi mwenye hofu ya mashimo. Mwalimu akienda sambamba nao, taa haikuonyesha kitu. Basi alikwenda mbele kwa kasi, akaimulika njia, akapaza sauti, "Shimo kushoto! Mchanga! Nyooka!" kisha akageuka na kurudi, akawazunguka kwa nyuma ili mwanga upite juu ya mabega yao, akaenda tena. Alifanya hivyo njia nzima. Walipofika kwenye mchanga wa korongo, Raleigh ilizama akaanguka nayo, taa ikazimika, na wote wakasimama gizani wakisikiliza gurudumu lake likiendelea kutika. Akainuka, akaipandisha ng'ambo, akaanza tena kuzunguka ili awape mwanga wa kuvukia. Nondo za mhunzi hazikupinda. Mtoto alizaliwa Kolandoto kulipopambazuka, mvulana, na mama alirudi nyumbani mzima.

Ningependa kuandika kwamba baada ya usiku ule mambo yalibadilika sokoni. Jumatatu mwalimu aliegesha shinani, akatoa kitambaa mfukoni, akafuta vumbi kwenye kichwa cha korongo. Mume wa yule mama alifika na Swala yake, wakasalimiana kwa mikono miwili, wakaulizana hali ya mtoto, wakacheka. Kisha yule mume akaisukuma Swala mpaka kule kwa wauza mkaa. Mwalimu alimwona akienda. Walikuwa wema wote wawili, na wema wao haukuufikia mpangilio ule, wala hakuna kati yao aliyeona kwamba ungeweza kuguswa. Nimewaza sana juu ya jambo hili. Ukatili wa tajiri mwovu ni rahisi kuuelewa. Huu wa watu wazuri, wanaosaidiana usiku na kupangana mchana, ndio ninaouogopa, kwa sababu hauna mtu wa kumkemea.

Bajeti ya 1984 ililegeza biashara, na bidhaa zikaanza kurudi madukani. Baadaye zikaja baiskeli za mtumba, nyingine za Japani, zenye gia nyingi na rangi za peremende, na shina la mwarobaini likapata wafalme wengine kwa muda. Siku hizi wanaoegesha pale ni bodaboda, nao wana ngazi zao, nimezisikia.

Mwenyewe nimeishia Dar es Salaam, ambako asubuhi za Jumapili waendesha baiskeli hutoka kwa makundi kabla jua halijawa kali, na huwa natoka nao. Nawapenda watu hawa. Wanajua vitu: uzito wa ringi kwa gramu, aina za kaboni, hewa ya tairi kwa kipimo, na kwamba shirikisho la kimataifa haliruhusu baiskeli ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8. Mashindano ya dunia ya barabarani yalipofanyika Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, tulikaa pamoja mbele ya televisheni na nilifurahi kama mtoto. Lakini pia nimeona kijana wa kusambaza mikate, juu ya Phoenix yenye kreti tupu, akijiunga nyuma yetu na kushika mwendo wetu kilomita baada ya kilomita, anatabasamu, na mmoja wetu akageuka kumwambia aondoke, baiskeli yake ni hatari kwa kundi. Hakuwa ameyumba hata mara moja. Kijana alisema "Samahani, kaka," akapunguza mwendo. Nilibaki nyuma nikaenda naye mpaka alipokata kona. Alikuwa ameikaza koni vizuri, gurudumu halikuwa na mchezo wowote, na nilimwambia hivyo kwa sababu lilistahili kusemwa na mtu aliyevaa kofia ngumu.

Nikienda Shinyanga huwa napita kwa fundi. Yule wa kwanza ameshatangulia, mwanawe ndiye mwenye gogo, na kazi kubwa siku hizi ni cheni za pikipiki. Mara ya mwisho nilimkuta binti wa mwalimu. Amekuwa mama mtu mzima, anauza maziwa, na Raleigh ya baba yake ndiyo inayobeba madumu. Kava la cheni limeondoka, madigadi hayapo, na kwenye keria kuna nondo mbili zinazoshuka mpaka kwenye ekseli. Mtambo wa gia ulishakufa, sasa ni gurudumu la kawaida lenye friwili. Korongo bado yupo mbele, hana manyoya kabisa.

Alikuwa amekuja kubadilisha gololi za usukani. Fundi kijana alimwekea mbele pakiti mbili za karatasi, akamweleza kuwa ni kitu kilekile, hii ya bei ndogo na hii ya bei kubwa, chuma ni kimoja. Mama aliichukua ile ya bei ndogo, akaigeuza, akasoma maandishi.

"Hizi za Mchina," alisema, akairudisha kwenye gogo. "Mwanangu, hii ni Raleigh. Nipe za kweli."

Fundi akanitazama. Mimi nikainama nikachukua karai, kwa kuwa tairi la mbele nalo lilikuwa limepungua upepo.